Mcheza Kwao Hutuzwa Lini?

Mpira wa miguu wa shule za sekondari huchezwa muhula wa pili, na muhula wa pili huja na kusi, upepo wa kusini unaoichafua bahari. Mtu wa bara huenda asione mambo haya mawili yanahusianaje. Mwalimu wa michezo wa Faza au Kizingitini ataona mara moja. Mei, Juni na Julai ndiyo miezi ambayo bahari yetu ya Amu, yaani Lamu, haina huruma, na timu ya kisiwa cha Pate ikipangiwa mechi mjini Amu au Mokowe haina budi kuipanda bahari hiyo. Tena kuna Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji unaokitenga kisiwa cha Manda na bara. Maji yakikupwa sana Mkanda haupitiki. Boti hukaa ikingoja mai yajae, kama tusemavyo wenyewe, na refa hangoji.

Naikumbuka timu moja iliyofika uwanjani saa saba mchana badala ya saa nne asubuhi. Chumvi ilikuwa imewakauka usoni. Wawili walikuwa wametapika njia nzima. Mmoja wa hao wawili alikuwa beki wa kushoto, kijana mwembamba wa kidato cha tatu. Alicheza dakika zote, na timu yake ikafungwa mabao matatu kwa bila. Alivyocheza sikumbuki. Nakumbuka alichofanya baada ya kipenga cha mwisho. Alizunguka akikusanya jezi za wenzake, akazikung'uta mchanga, akazihesabu, akazitia guniani na kulifunga mdomo. Jezi zilikuwa kumi na nne, na ndizo zote shule ilizokuwa nazo. Hakuna mwalimu aliyemwagiza. Wenzake walikuwa wamejilaza chini ya mwarobaini, wengine wakimlaumu kipa.

Zaidi ya miaka ishirini imepita. Kijana yule leo ni nahodha wa boti ya abiria, na kusi ikichafuka nimewaona kina mama wenye watoto wachanga wakiziacha boti mbili tatu ziondoke gatini ili waingoje ya kwake. Hajawahi kuitwa mbele ya watu akapewa hata cheti cha karatasi. Alifungwa tatu bila. Nani angemkumbuka?

Nasema akumbukwe. Shule za sekondari za kaunti hii, kuanzia Amu hadi Witu, Mpeketoni, Hindi na visiwani, zianze kuwaenzi wachezaji wao wa zamani kwa tabia na kujituma. Na ninaposema wa zamani, namaanisha mtu aliyetoka shuleni si chini ya miaka kumi. Wengi niliozungumza nao wanakubali sehemu ya kwanza na kuikataa ya pili. Kwa nini tungoje, wanauliza, ilhali kijana anahitaji kutiwa moyo angali kijana? Swali lao ni la haki. Lakini kungoja ndiko kunakoipa heshima hii maana yake, na bila kungoja ni heri tusiianzishe kabisa.

Tazama tunavyotuza sasa. Fainali ikiisha, meza hupambwa, mgeni wa heshima husimama, na majina husomwa: mfungaji bora, kipa bora, mchezaji bora. Tuzo hizi zina haki ya kutolewa siku ile ile, kwa sababu bao huhesabiwa siku ile ile. Shida huanza inapofika tuzo ya nidhamu. Hupewa timu iliyopata kadi chache, na mara nyingi huwa ni timu iliyotolewa mapema. Ilicheza mechi chache, ikapata kadi chache. Hata huko juu mambo huenda vivyo hivyo. Kombe la Dunia la 1970 nchini Mexico ndilo la kwanza kutumia kadi za manjano na nyekundu, na ndilo la kwanza pia kutoa tuzo ya mchezo wa haki. Peru iliichukua, kwani ilimaliza mashindano bila kadi hata moja, ikatolewa na Brazil mabao 4 kwa 2 katika robo fainali. Siwanyimi Waperu sifa yao. Ila kutokufanya kosa kwa mechi nne si tabia bado. Ni mwenendo wa wiki mbili.

Tabia hujulikana kwa kurudiarudia, tena pale ambapo hakuna anayeshangilia. Beki yule angeweza kukusanya jezi siku ile moja kwa sababu amekasirika na hataki kuzungumza na mtu. Ningejuaje? Najua sasa, kwa kuwa nimemwona kwa miaka ishirini akikusanya, akihesabu, akifunga mdomo wa gunia. Huhesabu maboya ya kujiokolea kabla ya kung'oa nanga. Huhesabu abiria. Ikizidi idadi huwashusha, hata kama anayeshushwa ni jamaa yake na nauli ameshalipa. Kile nilichokiona uwanjani kilikuwa mbegu tu, na mbegu haina mtu anayeweza kuiapia.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Neno nahodha tumelitoa chomboni tukalipeleka uwanjani, na vyombo vya Amu vilikuwa na manahodha karne nyingi kabla ya mpira kufika pwani hii. Hapa hakuna aliyeitwa nahodha hodari kwa sababu ya safari moja ya kaskazi, bahari ikiwa imelala kama mkeka. Waliomsifu walikuwa wamepanda naye na kushuka naye misimu mingi. Kisha kuna methali ambayo kila mgeni wa heshima huitaja akikabidhi kombe: mcheza kwao hutuzwa. Huisema kwa haraka, na neno zito ndani yake hulipita. Neno hilo ni "kwao". Ngomani anayetuzwa hutuzwa na shangazi, na jirani, na mtu aliyemwona akijifunza hatua zile akiwa mtoto. Anayemtunza noti anajua anamtunza nani. Hii ndiyo sababu tuzo ya tabia haiwezi kutolewa na mfadhili aliyefika kwa ndege ya asubuhi na anayeondoka kwa ya jioni, hata awe mtu mwema kiasi gani. Hana ushahidi.

Wapo pia wasemao "hutunzwa" badala ya "hutuzwa", na mimi nayapenda matamshi hayo kwa maana ya pili inayojificha humo. Kumtunza mtu ni kumwangalia. Tunao wanaume wa miaka arobaini katika mitaa ya Langoni na Mkomani wanaochechemea kwa magoti yaliyoumia wakiichezea shule, na goti lile halikupata tiba nyingine ila kukandwa kwa mafuta na maji ya moto. Shule itakayoanza kuwatafuta wachezaji wake wa zamani ili iwaenzi itawakuta na hawa, na haitaweza kuwapita.

Wamarekani wameitangulia dunia katika kuwaenzi wachezaji wa sekondari, na tuna la kujifunza kwao. Mpira wao ni mwingine, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, lakini hesabu yake inatuhusu. Wavulana zaidi ya milioni moja huucheza katika shule za sekondari kila mwaka, na katika kila mia moja ni takriban saba tu wanaoendelea kuucheza vyuoni. Wengine wote, mwisho wao ni pale shuleni. Shule nyingi huko zina kuta zenye picha na majina ya wachezaji wa zamani, zina namba za jezi ambazo havai tena mtu mwingine, na shirikisho lao la michezo ya sekondari lilianzisha Ukumbi wa Heshima wa taifa mwaka 1982. Shule ndogo nazo hutoa tuzo zenye jina la mchezaji wa zamani aliyekumbukwa kwa moyo wake zaidi ya mabao yake. Wameelewa kwamba kwa walio wengi hakuna klabu itakayowakumbuka wala timu ya taifa itakayowaita. Shule isipowakumbuka, hawana mwingine.

Kwetu hesabu ni kali zaidi. Timu huanzia kanda, ikapanda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha mkoa wa Pwani wenye kaunti sita, ndipo taifa, na mwisho Afrika Mashariki. Kijana wa Lamu kabla ya kufika ngazi ya mkoa anakuwa ameshamaliza fedha za safari za shule na subira ya mzazi wake. Wengi husimama ngazi ya pili. Kama heshima yetu inawangojea wanaofika ngazi ya tano, basi tumeamua tangu mwanzo kutomheshimu karibu kila mtu aliyewahi kuvaa jezi ya shule katika kaunti hii.

Fikiria kizazi kimoja tu, waliokuwa sekondari mwaka 2014. Juni ya mwaka ule Mpeketoni ilishambuliwa na watu zaidi ya sitini wakauawa, kisha kaunti nzima ikawekewa kafyu ya usiku. Mazoezi ya jioni, ambayo ndiyo mazoezi yenyewe kwa mwanafunzi, yalikatizwa mapema ili kila mtu awe kwao kabla ya giza. Walimu wengi kutoka mikoa mingine waliomba uhamisho, na shule za msingi za wadi ya Basuba zilifungwa zikabaki hivyo kwa miaka. Katika hali ile kulikuwa na wanafunzi waliojifundisha mpira wao kwa wao, asiye na mwalimu akiwa mwalimu. Kulikuwa na timu ambazo Mbajuni, Mgikuyu, Mgiriama na Muorma walivaa jezi moja wakati wazazi wao walikuwa wakitazamana kwa shaka sokoni. Sijui neno jingine la jambo hilo ila tabia. Hawakuchukua kombe lolote la kukumbukwa. Leo wamekaribia miaka thelathini, wengine wana watoto, na ushahidi juu yao umekomaa. Ningeanza na hao.

Ningewatafuta na wasichana, na hapo pana kazi kubwa zaidi. Msichana wa Lamu aliyecheza mpira miaka kumi na tano iliyopita alipambana kwanza na maneno ya mtaani. FIFA yenyewe iliruhusu rasmi mchezaji kufunika kichwa mwaka 2014 tu. Kabla ya hapo msichana mwenye kuheshimu stara yake aliambiwa na mchezo achague moja. Waliocheza hata hivyo, wakaficha njumu ndani ya mkoba wa madrasa au wakamshawishi baba kwa miezi ili awape ruhusa ya mechi moja, walijituma kuliko kaka zao, na hilo nalisema bila kusita. Sasa wametawanyika. Wameolewa Malindi, Mombasa, Tana, jina limebadilika, simu imebadilika. Picha ya timu ikiwapo, imeliwa na mchwa. Katika jumba la makumbusho la Lamu tumeiweka siwa ya Pate, ile baragumu ya pembe ya ndovu, ndani ya kioo, na ni haki yake, maana ilipigwa kwa heshima ya watu. Lakini shule zetu nyingi hazina hata daftari moja lenye majina ya waliozichezea. Kazi ianze na daftari hilo. Halihitaji bajeti, linahitaji mwalimu mmoja na watu wazima wanne wenye kumbukumbu.

Pingamizi lililonisumbua zaidi si la kungoja. Ni la nani ataamua. Nawajua watu wangu. Mkomani itataka wa Mkomani na Langoni itataka wa Langoni, mwenye mjomba katika bodi ya shule atapita, na mwaka wa uchaguzi heshima itageuka ahadi ya kura. Nimelifikiria sana, na kanuni niliyoifikia ni moja: jina lolote lipendekezwe na mtu aliyewahi kucheza dhidi yake. Si mwenzake wa timu, si ndugu, si mwalimu wake. Mpinzani. Mtu wa Faza ambaye aliwahi kuangushwa naye na kuinuliwa naye katika uwanja wa Twaif, aje aseme. Kisha shahidi wa pili awe mtu asiyejua lolote la mpira, jirani au mwenye duka au mvuvi aliyeshirikiana naye nyavu. Anayesifiwa na mpinzani kwa ya jana na jirani kwa ya leo, huyo hata Mkomani na Langoni zitamkubali kwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa nje halioni, nalo ni riya. Katika mji wa misikiti na madrasa kama huu, mtu mwenye tabia hasa ndiye atakayekimbia kusifiwa hadharani. Ataogopa kazi yake isije ikawa ya kuonekana na watu. Ukimwandalia jukwaa hatakuja, na akija atakaa nyuma. Hofu hiyo ni sehemu ya wema wake, na tuiheshimu. Ndiyo maana sipendi hotuba ndefu wala bahasha. Lakini pia sikubali tumngoje afe. Sisi ni mabingwa wa kumsifu mtu siku ya hitima, wakati watoto wake wanalia na yeye hasikii. Kati ya jukwaa na kaburi pana nafasi ya kutosha.

Na wale walioanguka? Kila mtu wa Lamu na Malindi anaweza kutaja winga au kiungo wa shule aliyekuwa na miguu ya ajabu na akachukuliwa na unga, yaani dawa za kulevya. Wengine wamezikwa. Wengine hupanga foleni ya methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha unga, asubuhi huko Malindi, siku baada ya siku, kwa miaka. Nimeulizwa kama mtu kama huyo anaweza kuenziwa kwa tabia. Jibu langu ni ndiyo, tena mapema. Kuamka kila siku na kwenda kuinywa dawa mbele ya macho ya watu wanaokujua jina, na kurudi nyumbani bila kupitia maskani ya zamani, ni kujituma ambako hakuna mazoezi ya kocha yanayokufikia. Asiingizwe kwa huruma. Aingizwe kwa kanuni ile ile, mpinzani na jirani, na miaka yake kumi ihesabiwe kuanzia popote mashahidi watakapoona haki.

Mtaala mpya umeleta mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, na kundi la kwanza la Gredi ya 10 limeingia Januari 2026. Ni hatua njema. Mchezo sasa utafunzwa na kupimwa darasani. Ila kitakachopimwa ni maarifa na ustadi, kwa alama, ndani ya miaka mitatu. Tabia itabaki nje ya mtihani kama zamani, na ni sisi wa nyumbani tutakaobaki na kazi ya kuishuhudia.

Namna ya kuifanya nimeshaieleza kwa walimu wawili watatu, na ni rahisi. Siku ya wazazi, mara moja kwa mwaka, mtu mmoja tu kwa shule. Mpinzani wake aseme kwa dakika tano. Jina liandikwe daftarini. Wamarekani huizuia namba ya jezi isivaliwe tena, lakini shule yenye jezi kumi na nne haiwezi kuikalia hata moja, na hata ingeweza nisingelitaka hilo. Kwetu tufanye kinyume chake: anayeenziwa achukue jezi ya namba aliyoivaa, mpya au kuukuu, amvishe kwa mkono wake mwanafunzi anayeivaa mwaka huo, kisha arudi kukaa. Hapo hakuna riya. Aliyeitwa hakupokea kitu, ametoa.

Nilimweleza haya nahodha wangu wa boti mwezi uliopita, tukiwa tumekaa ukingoni mwa gati tukingoja maji. Sikumwambia kwamba jina lake ndilo la kwanza kichwani mwangu. Alisikiliza hadi mwisho akifuta mikono kwa kitambaa cha mafuta, akanyamaza kidogo, akaniuliza siku hizi shule ina jezi ngapi.